Saa ya Kuzima Umeme Kisiwani

Jove, nimejificha jikoni kwa mama, nacheka mpaka machozi.

Unajua leo Bwana Escalante alikuja kutoka Manila kukagua umeme wetu wa jua ninaousimamia. Upande wetu mzima wa kisiwa uliahidi: nikipiga king'ora, kila nyumba inazima vitu, naye anaona kwenye skrini matumizi yanavyoshuka.

Nikapiga. Mstari ukapanda.

Ulipanda, Jove. Ulisimama kama mnazi. Bwana Escalante akaniuliza taratibu, "Dada, huku kwenu kushuka ndiko huku?"

Nikampigia Kapitana Rosenda, mkuu wetu wa kijiji.

"Kapitana, mbona hamjazima?"

"Tumezima. Feni, tivii, friji, vyote."

"Sasa nini kinakula umeme?"

"Wali, mwanangu. Mgeni atoke Manila yote ile aondoke na njaa? Kila nyumba imempikia."

Kila nyumba. Majiko ya umeme ya kupikia wali ya upande wetu mzima, kwa mpigo mmoja.

Nikafumba macho nikisubiri giza. Giza halikuja. Kompyuta ya mtambo iliziita betri zote, ikasimamisha pampu za maji yenyewe, taa ya ofisini haikufifia hata kidogo.

Bwana Escalante akanipa mkono. "Jaribio lako kali kuliko ulivyoniandikia. Upande wa pili wa kisiwa nao tunauunganisha."

Upande wenu huo. Hiyo jenereta yenu mtafugia kuku.

Nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba nilipanga yote.

Sasa yuko mezani kwa mama, baada ya kulishwa nyumba kwa nyumba kwa majirani wote. Mama anamwongezea wali. Kila nikichungulia, ananitazama kama mtu anayeomba umeme ukatike.