Mkono wa Shomari

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Mazoezi saa kumi na mbili asubuhi, ghorofani kwa Jayesh, juu ya duka lao la dawa. Magodoro manne, turubai juu yake. Kanikaba mara tatu, mimi mara moja. Shingo inauma. Saa mbili nimefungua duka la Kaka Roman, Mtaa wa Msimbazi. Chupa za chai kutoka Dubai zimeingia. Nimebeba maboksi mpaka adhuhuri.

Miaka kumi ya judo. Minne ya hii jujitsu ya Wabrazili aliyorudi nayo Jayesh kutoka masomoni Marekani. Sijawahi kupigana mbele ya watu. Nina miaka thelathini na mbili.

Jumatano, 6 Agosti
Promota kaja dukani. Anataka pambano la mchanganyiko: bondia kwa mtu wa mieleka ya chini. Siku hizi ruksa kila kitu, anasema, watu wamechoka ndondi tupu. Bondia ni Shomari wa Magomeni, fundi gearbox kwenye gereji za mtaa wa Gerezani. Nimekubali hajamaliza kusema.

Kaka Roman kanuna. "Kumkaba mtu ndiyo mchezo? Hapa Kariakoo hiyo kazi ya vibaka."

Imeniuma kwa sababu hata mimi huwa nawaza hivyo.

Jumapili, 10 Agosti
Misa ya kwanza. Mahubiri sikuyasikia.

Mchana tumekutana na Shomari na refa kupanga sheria. Mpole kuliko nilivyotaka awe. Nimemwonyesha: ukizidiwa gonga sakafu mara mbili, naachia papo hapo. Kacheka.

"Mimi nigonge? Na wanangu wamekaa mbele?"

Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa tu. Sikuridhika.

Alhamisi, 14 Agosti
Naogopa. Si ngumi zake za keshokutwa. Naogopa watu watacheka. Wanaume wawili wanagaagaa chini, watasema nini?

Jumamosi, 16 Agosti
Nimeshinda. Leo siandiki.

Jumapili, 17 Agosti
Taya limevimba. Niandike sasa, kabla sijaanza kujisimulia vingine.

Ngumi yake ya kwanza iliniinamishia ukumbi mzima. Nikamkumbatia kiunoni, tukaanguka. Watu wakaanza kuzomea. "Simameni!" Mwingine: "Roba ya vibaka hiyo! Mwizi huyo!" Kelele mpaka refa akanitazama mimi kwa mashaka. Nikaupata mkono wake wa kulia, nikaunyoosha juu ya mapaja yangu, kiwiko kikakaa pale ninapopajua. Nikasubiri.

"Gonga, Shomari."

Alikuwa anatazama viti vya mbele, walipokaa wanawe.

"Gonga, ndugu yangu."

Hakugonga. Refa kachuchumaa kwenye nyuso zetu, mkono hauoni. Ningeweza kumwita. Ningeweza kuachia, nikaanza upya. Muda ulikuwepo. Lakini walikuwa wananizomea, na nilitaka wajue kwamba hiki ninachokijua ni kitu.

Nikainua kiuno. Kiwiko kikateguka. Nilikisikia, na ukumbi ukakisikia. Ndipo waliponyamaza.

Halafu wakashangilia. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumanne, 19 Agosti
Promota kapita tena. Pambano Mombasa mwezi wa kumi, anasema jina langu limeshafika. Wateja dukani wananyoosha mikono na kupiga kelele za maumivu, wanacheka. Kaka Roman ananitambulisha kwa wachuuzi. "Mdogo wangu huyo. Mnaona?" Wiki mbili zilizopita nilikuwa kibaka.

Jayesh peke yake ndiye aliyeuliza. "Ulimsubiri vya kutosha?"

Nikasema ndiyo. Akaendelea kupanga dawa zake.

Jumamosi, 23 Agosti
Nimekwenda Gerezani. Nilipita mlango wa gereji mara mbili kabla ya kuingia.

Shomari alikuwa amekaa kwenye kiti kilichong'olewa garini, mkono umening'inizwa shingoni. Daktari kamwambia miezi mitatu, na huenda usinyooke wote tena. Mkewe kaniletea maji bila kunitazama usoni. Nikaomba radhi.

"Radhi ya nini? Uliniambia mara mbili. Nilikusikia."

Nikashusha pumzi. Akaongeza:

"Lakini na wewe uliweza kuachia."

"Niliweza."

Gearbox ya lori ilikuwa chini, imefunguliwa nusu, mwenye lori ameshakuja kuiulizia mara tatu. Nikamwuliza Shomari inaanzwa wapi. Akanitazama muda mrefu, halafu akanionyesha spana kwa kidole cha mkono wa kushoto.

Jumanne, 26 Agosti
Sijafanya mazoezi. Jioni nimekwenda Gerezani. Mimi mjinga kabisa wa gearbox. Shomari ana ulimi mkali akiwa kazini, hata mimi ananifokea.

Jumatatu, 1 Septemba
Nimemwambia Jayesh ukweli: sikumsubiri vya kutosha. Kasema alijua. Tukafanya mazoezi. Polepole.

Jumamosi, 6 Septemba
Mombasa nimekataa. Promota kaniita mwoga. Kaka Roman hasemi nami. Labda mwakani nitapigana tena, labda basi. Sijui, na leo halinisumbui sana.

Kutwa nzima Gerezani. Nati moja ilikuwa inakataa. "Usiilazimishe," Shomari akasema, "utaua nyuzi zake. Mimina mafuta, kaa." Tukakaa. Mkewe akatuletea chai, vikombe viwili.

Saa tisa lori likawaka. Likatoka getini bila kusukumwa, likapita reli, likakata kona. Shomari akainama kusikiliza gia zinavyoingia.

"Ya tatu inanung'unika," akasema. "Itazoea."

Nikanawa mikono kwa mafuta ya taa, nikarudi Msimbazi kwa miguu.