Keep, Ngalina na Mbuzi Watatu

Nimeinakili hii kutoka daftari langu la zamani, la wakati nilipokuwa mwalimu kijana. Sijarekebisha kitu, hata ujinga wangu.

Jumamosi, Agosti 1971. Kasikeu. Baridi asubuhi, upepo mchana kutwa, vumbi mpaka kwenye meno.

Shajara, leo nimeaibika mbele ya watu wote, na bado nina furaha kuliko siku niliyopata cheti cha ualimu. Hata sijui nianzie wapi.

Nianze na Ngalina. Jina lake hasa ni Galina, lakini hapa kwetu ndimi zimekataa, kwa hiyo ni Ngalina tangu siku ya kwanza. Ni mke wa kaka yangu Mutua, aliyeenda Urusi kusomea udaktari wa mifugo akarudi na cheti, koti zito lisilo na kazi hapa, na bibi. Serikali ikampeleka Mutua kule Mutomo kuchanja ng'ombe. Ngalina akabaki nasi, na mimba yake, na kamusi nene ya Kiingereza na Kirusi. Kiingereza chake ni kidogo. Kirusi chetu ni sufuri. Nikafanywa mkalimani kwa sababu ninafundisha Kiingereza, na mimi ni mtu wa kukubali kazi kabla ya kuielewa.

Jioni ya kwanza baada ya Mutua kuondoka, Mwaitu, yaani mama yetu, alinituma nimuulize swali moja tu: je, atamtunza Mutua mwanangu? Nikatafsiri haraka haraka, nikachagua neno keep. Ngalina akafungua kamusi. Kumbe keep ina safu nzima ya maana, na kila maana ina Kirusi chake! Kidole chake kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. Maskini, hakujua kama anaulizwa atamfuga Mutua, atamficha, atamzuia au atamlinda. Akanyamaza. Mwaitu akauchukua ukimya ule kuwa jibu, akaondoka kwenda kufungia mbuzi.

Kosa lilikuwa langu. Sikumwambia Mwaitu.

Tangu siku hiyo mimi na Ngalina tuna mchezo wetu. Tulichukua daftari la shule, tukaandika KEEP juu ya ukurasa wa kwanza, na kila kazi ya hapa nyumbani tunaitafutia Kirusi chake. Kufuga mbuzi ni derzhat. Kuhifadhi mbegu za kunde ndani ya jivu ni hranit. Kushika Jumapili, maana Mwaitu siku hiyo hata kuni hachanji, ni soblyudat, na neno hilo lilinichukua siku tatu kulitamka. Kutimiza ahadi ni sderzhat. Kuendelea kusuka kiondo, kikapu chetu cha nyuzi, hata mgongo ukiuma ni prodolzhat. Hata wewe, shajara, una neno lako: kukuandika kila siku ni vesti. Nilipomwonyesha kwamba Kiswahili nacho kina maneno zaidi ya kumi mahali Mwingereza anatumia moja, alijipiga mapaja akasema Waingereza ni wavivu. Tulicheka mpaka Mwaitu akaja kuchungulia. Hakucheka, lakini pia hakuharakisha kuondoka.

Shida yetu ilikuwa ntheo. Hao ni mbuzi watatu wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, wachinjwe na kuliwa kule kwao. Bila ntheo, hapa Ukambani mwanamke ni mgeni tu hata akikaa miaka kumi, na mtoto atakayemzaa si wa ukoo wetu. Wazee walishasema wazi kwamba mtoto wa Ngalina hawatampa jina. Na mimba ina miezi minane! Wazazi wake wako mbali, ng'ambo ya barafu. Kila asubuhi Mwaitu alikuwa akiuliza, "Sasa hizo mbuzi tupeleke wapi? Posta?"

Basi mimi mjuaji nikatoa suluhisho. Mtu asiye na wazazi karibu anaweza kupewa wazazi. Wazee wenyewe walikubali kwamba imewahi kufanyika. Nikamwomba mwalimu mwenzangu na mumewe, watu wa kanisa letu, waliohamia hapa mwaka huu kutoka upande wa Nuu, wampokee Ngalina kama binti yao. Wakafurahi sana. Wazee wakaniachia mimi mipango yote. Mutua akanunua mbuzi kule Mutomo, na jana akaja nao juu ya lori: majike wawili na beberu mmoja mwenye hasira.

Leo asubuhi Ngalina alikaa ndani ya nyumba ya mwalimu mwenzangu, kitambaa kipya kichwani, nami kando yake ili nimtafsirie. Nje, watu wetu wakafika na nyimbo. Baba mdogo, anayesimama mahali pa marehemu baba, akasalimu kwenye lango na kuuliza, kama desturi ilivyo, ni ukoo gani unaowapokea.

Mwenye nyumba akajibu kwa fahari: Atangwa.

Nyimbo zikakatika. Sisi pia ni Atangwa.

Kwetu watu wa ukoo mmoja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana. Ngalina akifanywa binti wa nyumba ile, amekuwa dada yake Mutua, na hakuna mbuzi wa kuoa dada. Nilikuwa nimeuliza kila kitu mimi. Niliuliza hata wana vikombe vingapi. Ukoo, jambo la kwanza ambalo bibi yeyote asiyejua kusoma angeuliza, sikuuliza.

Mbuzi wakageuzwa. Ngalina akawaona dirishani wakirudi walikotoka, na watu wetu nyuma yao, kimya. Hakuuliza ukoo ni nini. Alitoa daftari letu kwenye mfuko, akaweka kidole juu ya lile neno la ukurasa wa kwanza, akasema kwa Kiingereza chake kidogo, "Mama no keep?"

Nilijaribu kumweleza habari za ukoo, nikashindwa. Nikaanza kulia pamoja naye. Mkalimani gani huyo!

Mwaitu akaingia. Akaona machozi, akaona daftari.

"Huyu analia nini?"

Nikamwambia anadhani amekataliwa. Na kwa kuwa aibu ilikuwa imenijaa tayari, nikaona nimalize: nikakiri la jioni ile ya kwanza. Kwamba Ngalina hakunyamaza kwa kukosa la kusema moyoni, alinyamaza kwa sababu mimi nilimpa neno lenye maana tele nikamwacha nalo. Mwaitu akanitazama. Ninaogopa kuandika jinsi alivyonitazama.

"Mwalimu mzima," akasema. "Miezi hii yote nimemnunia mtoto wa watu kwa sababu yako?"

Kisha akamshika Ngalina mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akamwinua.

"Huyu kila siku yuko kwa Kalunde anasuka kiondo. Anakula kwa Kalunde, anapigiwa kelele na Kalunde akikosea. Kwani tulikuwa tunatafuta mama wa nini?"

Kalunde ni jirani yetu. Ana wavulana watano na hana msichana. Tulimkuta uani anapura mbaazi. Mwaitu akamweleza, kisha akamuuliza mumewe, Mzee Nzioka, ni wa ukoo gani. Akamuuliza mara mbili, ingawa wamejuana miaka thelathini. Yeye ni Mwombe, ukoo mwingine kabisa, Mzee akajibu mara zote mbili, akishangaa. Kalunde akatupa fimbo yake, na vigelegele vyake nadhani vilisikika mpaka sokoni; watu wetu wakageuza njia, wakaja na mbuzi wao pale uani.

Mzee Nzioka akaingia ndani, akatoka amevaa koti la kanisani, akakaa kitini. Dakika tano tu za ubaba na tayari ameanza masharti! Akasema beberu amekonda, binti yake hawezi kuolewa kwa mbuzi wa namna hiyo. Mutua, daktari wa mifugo mwenye cheti cha ng'ambo, akapiga magoti vumbini kufungua mdomo wa beberu na kutetea meno yake. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwaitu alikuwa wa kwanza kukaa.

Halafu Mzee akamgeukia Ngalina.

"Binti yangu, hawa mbuzi tuwale?"

Binti akisema hapana, mbuzi hurudi nyumbani na habari imekwisha. Mutua anajua Kirusi, lakini hapo mume haruhusiwi kumsemea mke, kwa hiyo nikamtafsiria mimi, polepole, neno kwa neno. Alitutazama sote, mmoja mmoja. Kamusi ilikuwa mapajani mwake. Hakuifungua.

"Ĩĩ," akasema. Ndiyo, kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa hapa.

Sijawahi kula nyama tamu kama ile ya beberu aliyekonda. Baba mdogo alitangaza kwamba mtoto akizaliwa atapewa jina kama watoto wote, na hakuna aliyepinga. Mimi nimeapa kwamba kuanzia leo nitamuuliza ukoo kila mtu nitakayekutana naye, hata mkaguzi wa shule.

Jua lilipoanza kushuka tukasimama kuondoka, na Ngalina naye akasimama. Kalunde akamvuta chini. Binti yake haondoki siku ya ntheo kama mzigo wa kuni, akasema. Kesho waje wamchukue kwa heshima. Mutua akalalamika kwamba ana siku mbili tu, Mutomo ni mbali. Mwaitu hakumpa hata nafasi. Nilipomweleza Ngalina, alimwegemea Kalunde, akatupungia mkono, na nikamwona anajitahidi asicheke.

Sasa tuko nyumbani, taa ndiyo kwanza imewashwa. Mwaitu amepakua chakula na kwa mazoea akapanga sahani nne. Akaitazama ya nne, akaichukua, akairudisha kabatini taratibu.

"Hayuko," akasema, na uso wake wote ulikuwa unacheka. "Ameenda kwao."