Nilivyomzungusha Mwakio Machimboni

Jumamosi, Agosti 1954

Bila mimi, wale Wazungu wa machimbo wasingepata ulanga, yale mawe ya kumetameta, hata kipande katika kilima kile. Halafu Mwakio, ndugu ya mke wangu, anawaambia wageni waliokuja kuposa binti yangu kwamba kazi yangu machimboni ilikuwa kuchota maji tu.

Leo akataka kuyaona mashimo ya zamani. Nikampitisha njia inayozunguka kilima chote, jua la saa sita, na maji nikayaacha nyumbani makusudi. Si anadharau wachota maji?

“Shemeji, shimo hili si tumeshalipita?”

“Wewe unajua mashimo kuliko mimi?”

Akavua viatu, akanifuata. Alirudi nyumbani Bura akichechemea, viatu mkononi. Roho yangu ikatulia.

Lakini ule mzunguko wa pili sikuupanga. Nilikuwa nimepotea, nikaona haya kumuuliza njia mama mmoja aliyekuwa akikata kuni.