Nilimuua Mtu kwa Mdomo, Sasa Mama Yake Anataka Nimwonyeshe Mahali

Mpendwa mshauri,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, na ukija mtaani kwetu ukamuuliza hata mtoto anayetambaa fundi yuko wapi atakunyooshea kidole kwenye karakana yangu, maana mimi ni seremala ambaye meza yangu iliwahi kukanyagwa na lori la mchanga, lori likapata pancha na meza ikaliwa chakula jioni ileile. Shule niliishia darasa la tano, si kwa ujinga, mwalimu mwenyewe aliniita pembeni akasema nikiendelea nitawavunja moyo wenzangu. Nakueleza haya usije ukadhani anayekuandikia ni mtu wa kulialia. Lakini sasa nimekwama, chakula hakipiti, na mke wangu ameacha kunigombeza, na ukiona mke wangu amenyamaza ujue mambo yameharibika.

Nianze na mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea mwenyewe. Huyo ni mwalimu. Vita ilipotupitia, watu wa upande huu wa mto na watu wa ng'ambo wakachinjana wakati jana yake walikuwa wanauziana nyanya, shule ikachomwa, na wakubwa wakasema watoto wasubiri mpaka hali itulie. Mpwa wangu akasema hali haiwezi kutulia watoto wakikaa bure, akaenda akaomba ghala bovu la saruji lililo karibu na daraja, akalifagia mpaka akatoka mweupe kama mzimu, akakusanya watoto wa pande zote mbili. Ghala lenyewe halina dirisha hata moja. Akawagawia chaki za rangi, akamwambia kila mtoto achore dirisha lake ukutani, na ndani yake achore anachotamani kukiona nje. Mimi nilicheka sana niliposikia. Halafu nikaenda kuona, sikucheka tena.

Madawati nilitengeneza mimi, na hapo sijisifu, ni kweli tupu. Alinikatalia ya mtu mmoja mmoja, akakataa na yale marefu. "Mjomba, nataka ya wawili wawili," akasema. "Mmoja wa huku, mmoja wa kule. Wakitaka kuandika, lazima wapishane viwiko." Na sheria ya darasa ilikuwa moja tu, kwamba ndani ya ghala hakuna kuulizana nani katoka upande gani wala nani alimfanya nini nani. Hayo yaachwe mlangoni pamoja na viatu.

Sasa mshauri, tangu vita iishe mimi mtaani naitwa Simba wa Daraja. Jina hilo nilipewa baada ya kuwaeleza watu pale karakana jinsi siku ya mashambulizi nilivyosimama darajani peke yangu, randa mkono huu, tezo mkono huu, nikawarudisha watu wa ng'ambo kundi zima, na aliyekaidi nikamtupa mtoni. Mwanzo nilimtupa mmoja. Watu wakawa wananisogezea kiti, wananiambia hebu rudia kwa huyu mgeni, basi kila nikirudia mto unapokea wengine.

Siku yenyewe nilikuwa nimepeleka dawati la mwisho. Mpwa wangu akatoka nje kupokea maji ya watoto, akaniambia, "Mjomba, nisubirie hapa dakika moja. Usiwaambie kitu chochote." Nami kweli nilikaa kimya, lakini mtoto mmoja akanong'ona, "Ndiye huyu Simba wa Daraja," na vichwa vyote vikageuka, na wewe mshauri ungekuwa mimi ungefanyaje? Nikasema nitoe kidogo tu. Nikatoa. Nikawaambia yule wa mwisho niliyemtupa alikuwa pande la mtu, kavaa kofia ya sufu ya kijani, yenye kishada cheupe juu.

Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwembamba, akanyoosha kidole kwa adabu kama anayeuliza swali la hesabu.

"Mjomba, alikuwa anachechemea?"

Nikafurahi kwamba kuna anayenisikiliza vizuri. "Anachechemea haswa! Mguu wa kushoto. Ndiyo maana hakunikimbia."

Akasema, "Huyo ni baba."

Basi. Wala hakulia. Alisimama akaenda ukutani kwenye dirisha lake, na ndipo nami nikaliona kwa mara ya kwanza, amechora mtu mwenye kofia ya kijani anakuja njiani. Akamfuta kwa kiganja. Akatoka, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda. Mpwa wangu aliingia na ndoo akanikuta nimeshika nyundo, na watoto wa ng'ambo wanainuka mmoja baada ya mwingine.

Tangu hapo hawaji. Wa upande huu wanakuja, kila mmoja kakaa na nafasi tupu pembeni yake, na wakati wa mapumziko wana mchezo mpya, unaitwa Simba wa Daraja, na yule anayepangiwa kutupwa mtoni analia machozi ya kweli. Mpwa wangu akimaliza kuwafundisha hawa, kila mchana anavuka daraja peke yake, mbele ya askari wa huku na askari wa kule ambao wote hawampendi, kwenda kuwafundisha wale wengine kwenye duka lililoungua, wamekalia matofali. Juzi askari mmoja alimmwagia mkoba wote chini na kukanyaga chaki zake. Nikamwambia mwanangu acha, watakuua hawa. Akanijibu, "Mjomba, mimi kupigana sijui. Ninachojua ni kuita majina. Nitaita mpaka wote waitike." Halafu akanitazama machoni. "Hivi siku ile ulisimama darajani kweli?" Nikamwambia aniulize baadaye, gundi inakauka.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Jumapili alikuja karakana mama mmoja mzee, kamshika mkono yule msichana. Ni bibi yake, ndiye aliyemzaa mtu wa kofia. Nikaandaa maneno ya kujitetea, nikawa nimeshasogea karibu na patasi. Akasema, "Baba, sijaja kwa ugomvi, ugomvi umeshanichosha. Mwanangu nimemtafuta kila mahali. Nionyeshe tu ulipomtupa, nikakae hapo kidogo." Nikamwambia arudi wiki ijayo, nina kazi ya mtu. Akanishukuru, mshauri. Mimi, akanishukuru.

Sasa nakuambia ambalo hata mke wangu sijamwambia. Siku ile sikuwa darajani. Nilikuwa ndani ya kabati la nguo, kabati la bibi harusi nililokuwa nimelimaliza asubuhi hiyo hapo karakana, kazi safi, bawaba hazitoi hata mlio, nimechuchumaa magoti yakigusa kidevu, nimevuta mlango. Kasoro yake ilikuwa moja tu, mbao za mlango zilikuwa hazijakauka sawasawa zikaacha ufa. Na kwenye ufa huo nilimwona mtu mwenye kofia ya kijani, kishada cheupe, anachechemea, mzima, wenye silaha wanamsukuma yeye na wengine kupanda lori, na lori likaondoka. Mimi sikumbuni mtu yule. Kila nikisimulia anakuja mwenyewe na kofia yake, na mimi namtupa mtoni apotee, na kesho yake anarudi.

Sasa nifanye nini? Nikisema nilichokiona itabidi niseme nilikuwa wapi nilipokiona, na hapo nitaitwa Simba wa Kabati mpaka naingia kaburini, na yule mtoto aliyekwisha kuambiwa baba kafa nitamrudisha kwenye kusubiri mlangoni. Mimi nilifikiria hivi, nimpeleke yule mama mahali pazuri, pale mto unapotulia na pana kivuli, nimchongee na kibao cha jina, mbao ya maana isiyoliwa na mchwa, akae hapo roho yake itulie. Hiyo nayo si huruma?

Ni mimi, Simba wa Daraja.

*

Fundi,

Kwanza pole, na nasema kwa moyo. Kujificha kabatini watu wanapochinjana si aibu. Siku ile wewe hukumuumiza mtu yeyote, na wangejificha wengi zaidi tungezika wachache. Pole yangu inaishia hapo.

Unaniuliza kama kibao ni huruma. Si huruma hata kidogo. Unataka mama mzee apige magoti mbele ya maji matupu ili wewe uendelee kusogezewa kiti. Ungekuwa umefanya hivyo kabla hujaniandikia ningekuita mkatili, lakini umeandika kwanza, kwa hiyo nadhani hata wewe mbao hiyo inakushinda kuchonga.

Ni kweli kwamba utamrudisha mtoto kwenye kusubiri. Sitakudanganya, kusubiri mtu asiyejulikana alipo kunauma kuliko kaburi, na huenda kukaisha vibaya. Lakini kujua ni haki yake. Huyo ni baba yake kabla hajawa mtu wa hadithi yako. Halafu fikiri, aliyetupwa mtoni nani atamtafuta? Aliyeonekana akipandishwa lori akiwa mzima ana pa kuanzia kutafutwa. Kila siku unayonyamaza unawaambia watu wake waache kumtafuta, na siku hizo huwezi kuwarudishia.

Kuhusu mpwa wako. Barua za walimu kama yeye zinanifikia, wengine wanafundisha kwenye mahema, wengine kwenye mabasi mabovu, wengine chini ya ngazi za majengo yaliyobomoka, nchi mbalimbali, lugha mbalimbali. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia akiomba simba. Wanaomba wazazi wawaachie watoto waje, wenye bunduki wakae mbali na mlango, na watu wazima wanaoingia darasani waache vita nje. Watoto wale walivua viatu mlangoni. Wewe uliingia na viatu vyako, tena umebeba dawati zuri mikononi, ndiyo maana hakuna aliyekushtukia.

Sasa nisikilize, na usipunguze wala usiongeze.

Leo hii, gundi ikauke isikauke, nenda kwa mpwa wako umwambie yote, kuanzia bawaba mpaka ufa. Atakasirika. Mwache akasirike, wewe ndiye uliyemlea na wewe ndiye unayemvusha lile daraja kila mchana. Usikimbilie kuwahutubia watoto. Kuwaambia watoto jambo zito ni kazi, na kazi hiyo ameisomea yeye, wewe ulisomea mbao. Atachagua siku, atachagua maneno, na siku hiyo utakaa kwenye dawati, lile la wawili, hutasimama. Wale wadogo wanaocheza kutupana mtoni wasikie kwako mwenyewe kwamba simba hakuwepo, aliyekuwepo ni mtu mzima aliyeogopa kama wao. Huenda likawa somo bora kuliko yote uliyowahi kutoa.

Kisha vuka naye daraja. Nimeisoma barua yako tena na tena, sijaona mahali ulipolivuka tangu vita iishe. Wale watoto wamekalia matofali, kwa hiyo beba dawati kichwani, tena lishike kwa mikono miwili. Askari wa pande zote wataona huna kitu, na mtu mwenye dawati kichwani hawezi kutembea kwa mikogo. Mwalimu atangulie, yeye ndiye aongee na askari. Wewe funga mdomo. Najua ni vigumu.

Rangi ya lori, na maneno uliyoyasoma ubavuni mwake, nimeyatoa kwenye barua kabla haijachapishwa, pamoja na upande lilikoelekea. Usiyaseme karakana wala njiani, maana wapo wasiopenda yasemwe. Kuna watu ambao kazi yao ni kuwatafuta waliopotea vitani. Mwalimu wa shule kama ile atajua pa kuwapata, maana nusu ya wanafunzi wake wana mtu wa kutafutwa. Waeleze hao faraghani, mlango ukiwa umefungwa. Hilo la kujifungia ndani unalijua.

Watakucheka, hakuna njia. Jina la Simba wa Kabati umelibuni mwenyewe, basi wape walitumie. Mke wako huenda akarudi kukugombeza, nawe utashukuru. Siwezi kukuahidi kwamba watoto wa ng'ambo watarudi. Huenda madawati yakabaki na nafasi tupu miezi mingi, na wewe ndiye fundi utakayekuwa unayapita kila siku.

Limebaki la yule msichana. Ukifika mbele yake, usimwambie baba yako yu hai, hujui. Usimwambie amekufa, hujui. Atakuuliza kama alikuwa analia, kama aligeuka nyuma, kama alimtaja mtu jina. Hapo utatamani sana kumpa kitu, na mdomo wako utakuwa tayari una kitu. Usimpe. Mpe ulichokiona kwenye ufa, chembamba vilevile kama ulivyokiona, halafu nyamaza, ukae naye.