Kaka Yangu Hataki Dakika za Kuongea

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu jambo langu lina watu wawili ninaowapenda na kuwaheshimu sana, na mimi siku zote nilidhani mtu hupata shida akiwa kati ya mwema na mbaya, kumbe shida yenyewe hasa ni kubanwa kati ya wema na wema.

Nafanya kazi katika kampuni ndogo ya simu, ile inayokimbiliwa na watu wanaotafuta bei nafuu, na kazi yangu ni kupanga vifurushi, yaani mteja akilipa apate dakika za kutosha nini na data ya kufanyia nini. Mkurugenzi wetu tunamwita Mzee Dirisha, kwa kuwa kila mwezi huiacha ofisi yake, akashuka chini na kukaa dirishani pamoja na wahudumu kusikiliza wateja kwa masikio yake mwenyewe, na nimemwona akimwelewesha bibi mmoja tena na tena, bila kukunja uso, kwa nini salio lake linaliwa, halafu akapanda juu akaifuta kabisa ile huduma iliyokuwa ikila salio la watu bila wao kujua. Mimi pia alinitoa huko huko dirishani, akasema anayejua kuwasikiliza wateja ndiye anayefaa kuwapangia, na wema huo sijausahau.

Sasa Mzee Dirisha ameamua kupunguza vifurushi. Anasema wenzetu wakubwa wana vifurushi kama mchanga, mtu akiingia kwenye menyu anapotelea humo na kutoka na asichokitaka, kwa hiyo sisi tubaki na vitatu tu, cha siku, cha wiki na cha mwezi, vyote viwe na dakika nyingi na data kidogo, maana wateja wetu wengi ni wa kupiga simu. "Mtu wa kipato kidogo akielewa anachonunua, hilo peke yake ni punguzo la bei," alituambia, na mimi, mshauri, naamini alisema kweli. Lakini ili vibaki vitatu, kifurushi cha data tupu lazima kiondoke, na hicho ndicho anachonunua kaka yangu.

Kaka yangu ni kiziwi tangu homa ya utotoni. Ni fundi makochi, na ukimpelekea kochi lililokushinda atalipapasa kidogo tu, akuonyeshe springi iliyokufa iko wapi. Wifi yangu naye ni kiziwi, na mwaka huu alipata nafasi ya kwenda mji mwingine kusomea utengenezaji wa meno ya bandia, na kaka ndiye aliyemhimiza aende wakati sisi wengine tulikuwa tunaguna, akasema mikono ya mke wake haikuumbwa kwa kazi moja. Yeye akabaki na binti yao mdogo, ambaye anasikia vizuri na anaongea kama kasuku. Jioni kaka akifunga karakana huegemeza simu kwenye mgongo wa kochi ambalo halijavishwa kitambaa, anavuta taa iwamulike mikononi, na wanaongea na wifi kwa video. Mtoto anamsimulia mama yake mambo ya shule kwa vidole vyake vifupi, akikosea ishara mama anamsahihisha kutoka huko huko, na kaka hucheka mpaka mabega yanatikisika. Mshauri, nimekaa na ndoa za watu wanaolala kitanda kimoja na wanasikiana vizuri tu, lakini sijaona watu wanaotazamana vile.

Utaniuliza kwa nini wasiandikiane. Wanaandikiana, lakini mtoto ndiyo kwanza anahangaika na irabu, na lugha yao iko mikononi na usoni, ukiiandika unabaki na maganda. Data ikiisha picha inaganda, mkono wa wifi unabaki hewani na neno nusu, na mtoto anakaa akiukodolea macho akisubiri lile neno limalizike.

Nilipomweleza kaka mpango wa kampuni alicheka kwanza, akaniambia kwa mikono kwamba kumuuzia yeye dakika za kuongea ni kumuuzia kipara kitana. Nikamwambia asijali, sisi wafanyakazi tunapewa data ya bure kila mwezi, nitampa yangu yote. Hapo kicheko kikaisha.

"Usinipe. Niuzie," aliniambia, taratibu, nisije nikakosea kumsoma. "Mimi ni mteja."

Nikasema basi nitamweleza Mzee Dirisha habari zake, akanikataza pia, hataki kuwa kisa cha kutolea watu machozi kwenye kikao.

Kikao ni Ijumaa, na anayetakiwa kuusimamia mpango huo mbele ya wakubwa ni mimi. Nikinyamaza nimemsaliti kaka, nikimtaja nimevunja katazo lake, nikisema viziwi kwa jumla nitaulizwa nimewajulia wapi na watasema napendelea ndugu, na nikiupinga mpango nimemwaibisha mtu aliyenishika mkono. Chakula hakinipiti kooni. Nifanye nini?

Ni mimi, Dada wa Vifurushi

*

Dada wa Vifurushi,

Barua yako niliisoma nikasahau chai yangu ikapoa. Huyo kaka yako ni mtu mzima kwa maana zote mbili, na Mzee Dirisha wako laiti ningeweza kumwazima nimpeleke kwenye ofisi fulani ninazozijua. Una bahati, binti yangu. Wengi wanaoniandikia wamezungukwa na watu wa kukimbiwa.

Lakini wewe sikuachii hivi hivi. Unamsifu mkubwa wako kwa sababu anasikiliza, kisha unaogopa kumwambia. Hiyo ni heshima ya namna gani? Mtu akivaa shati ndani nje, anayemheshimu ndiye anayemnong'oneza kabla hajatoka mlangoni, si anayetazama pembeni. Na kaka yako alikwambia waziwazi kwamba yeye ni mteja, lakini kichwani mwako umemfanya ama siri ya kufichwa ama mzigo wa kubebwa mgongoni. Alikataa kuonewa huruma. Hakukwambia kwamba hana la kusema.

Basi fanya hivi. Leo, usisubiri kesho, mwombe kaka yako ruhusa ya neno dogo tu: kumwambia mkubwa wako kwamba una ndugu anayekinunua kifurushi hicho. Ukiipata, nenda kwa Mzee Dirisha mkiwa wawili, kabla ya kikao, umwambie. Upendeleo ukitajwa na mwenyewe mapema hauna meno, ukivumbuliwa na wengine unang'ata. Kisha ongea kama mpangaji wa vifurushi. Mwambie wapo watu ambao kuongea kwao ni kuonana, na kwamba dakika mnazowauzia zinaozea kwenye simu. Usiupinge uchache wa vifurushi, maana hapo mzee yuko sahihi, na wewe unajua yuko sahihi. Tafuteni nafasi ndani ya hivyo vitatu. Mambo ya ndoa ya kaka yako, taa na kochi, yaache nyumbani kwake. Umenipa mimi, yametosha.

Na mwulize kaka kama anataka kujisemea. Akisema hapana, iwe hapana, usimvute shati. Halafu ule chakula.

*

Wasomaji wangu, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa karibu, majibu hayo nilimtumia dada huyu kwenye simu yake kabla ya kuyachapa, na ndiyo maana leo ninaweza kuwaambia yaliyofuata.

Kaka alitoa ruhusa ya lile neno dogo. Kwenda kujisemea kikaoni alikataa. Mzee Dirisha alipoambiwa kuhusu huyo ndugu aliitikia kwa kichwa, akasema atafikiri, akashuka chini maana ilikuwa siku yake ya kukaa na wahudumu. Kaka naye, bila kumwambia dada yake, alivua aproni ya kazi, akaenda kupanga foleni kama watu wengine. Alipofika dirishani alimgeuzia mzee kioo cha simu. Alikuwa ameandika: "Nanunua data tupu kila mwezi. Nasikia mnaiondoa. Mtaniuzia nini badala yake?"

Mzee alisoma, akamtazama usoni, akaomba simu, akaandika swali lake. Kaka akajibu. Simu ikawa inapita na kurudi chini ya kioo cha dirisha, foleni nyuma ikaanza kunung'unika, na mzee hakumharakisha. Dada alielezwa na wahudumu baadaye, kwa kuwa mzee alijua dada ana ndugu lakini hakuijua sura yake, wala hakutambua kwamba ndiye huyo. Jambo la mwisho aliloandika kaka lilikuwa ombi: wakikiacha kifurushi hicho, kisiitwe cha viziwi. Jirani yake anasikia vizuri kabisa, na naye anakihitaji, ana wajukuu ng'ambo na anapenda kuwaona meno yakiota.

Ijumaa dada alisimama kuuwasilisha mpango, na alipofika kwenye kifurushi cha data mzee akamwomba aishie hapo. Akawaeleza wakubwa wenzake kwamba vifurushi vitabaki vitatu kama alivyosema, lakini mteja akinunua chochote kati ya hivyo atachagua mwenyewe, abonyeze moja apate dakika, abonyeze mbili apate data, bei ile ile. Kuna aliyeuliza kama si kuwachanganya watu. "Nimekaa dirishani," mzee alimjibu. "Wanajua wanachotaka. Sisi ndio hatukuwauliza." Kisha akamtaka dada aandike maelezo ya menyu, yawe mafupi kuliko yote aliyowahi kuandika.

Wiki hii dada ameniandikia tena. Anasema menyu mpya imeanza kazi, na juzi jioni alipita karakana akamkuta kaka yake na wifi yake wakigombana kwa video, kisa ni shule ya kumhamishia mtoto, mikono inaruka, nyuso zimewaka, na mtoto amekaa katikati anatafuna mhogo akiwatazama kama mechi. Ukawa ugomvi mrefu. Ulipanda, ukashuka, wakanuniana, wifi akageukia ukutani, akarudi, wakaanza kucheka. Anasema tangu wifi aondoke huo ndio ugomvi wao wa kwanza uliofika mwisho bila picha kuganda.

Dada wa Vifurushi, usiingilie. Mtu na mke wake wanaongea.