Moshi Mweusi wa Gari la Makame

KITUO CHA POLISI, MBEYA
Maelezo ya shahidi yaliyochukuliwa na Koplo Fanueli, Jumatatu tarehe 9 Julai 1956, saa tatu asubuhi.

Jina: Jailos Mwandembo. Umri: miaka hamsini au karibu na hapo. Kazi: mkulima wa viazi, na mjuzi wa magari (maneno yake mwenyewe). Makazi: Ilomba. Elimu: darasa la pili, misheni.

Kwanza iandikwe kwamba barabara ya Mbeya kwenda Iringa inanijua mimi kuliko inavyomjua Mzungu aliyeichonga. Tangu magari yaanze kuja Chunya wakati wa dhahabu, hakuna gari lililougua nchi hii nisiulizwe. Mwaka wa thelathini na tano nilikuwa nimekaa kwangu Ilomba, nikasikia gari linapanda mlima kule Chunya, nikamwambia mke wangu Damari, "Silinda ya tatu imekufa." Jioni habari ikaletwa: ni ya tatu. Koplo ameweka kalamu chini. Namwomba aishike tena.

Yotamu, kijana aliyefungiwa hapa tangu Jumamosi, ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ni fundi wa magari Mwanjelwa. Mzee Makame, mwenye duka la nguo, anamshtaki kwamba ameiba kipande cha shaba kutoka kwenye kabureta la gari lake na kuweka kibovu. Mimi nasema hakuiba, alitengeneza. Kijana huyu hana mtu mwingine wa kumsemea. Akipata jina la mwizi, nani tena atamfungulia boneti ya gari lake?

Gari lenyewe ni dogo, jeusi, limeshapita mikononi mwa watu. Mzee Makame alilinunua Tanga mwezi wa nne. Anasema kule pwani lilikuwa linakwenda kama linateleza. Kufika huku kwetu likaanza kutoa moshi mweusi, linatetemeka, linakohoa, ukilikanyagia mafuta linazidi kukohoa.

Sifichi, nilipolisikia mara ya kwanza moyo ulifurahi. Magari ya siku hizi yanapita tu. Zamani kila gari lilikuwa na sauti yake, hata watoto walizijua. Gari likilia upande wa Mlima Nyoka, watu wanaacha majembe shambani, kina mama wanatoka na unga mikononi, tunalingoja nusu siku. Likikwama tunalisukuma kwa wimbo, na likiondoka tunabaki tumesimama kwenye harufu ile ya petroli na udongo wa mvua, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kurudi shambani. Nyimbo zile sasa sijui nani anazikumbuka. Koplo anasema nirudi kwenye gari la Makame. Narudi.

Mnamo tarehe 14 Juni 1956, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Mwanjelwa kwenda Iringa. Mzee Makame alikuwa anaendesha. Mkewe, Mwanakhamisi, alikuwa anakwenda kwa dada yake Ipogolo. Yotamu alichukuliwa ili alisikilize gari likiwa safarini. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya ujuzi wangu. Kulikuwa na baridi kali, ukungu umelala barabarani. Nikaamuru gunia lifungwe mbele ya rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, kama tunavyofanya huku kila kipupwe, maana niliona gari la pwani linaona baridi. Lilifungwa. Kabla ya Igurusi maji yalichemka, tukalifungua.

Hapo nikawaeleza kanuni, na Koplo aandike, itawafaa polisi. Moshi wa bluu, oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma, maji yameingia ndani. Moshi mweusi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Wetu ulikuwa mweusi. Hata hivyo mimi nikasema ni ringi za pistoni.

Mzee Makame akasema, "Bwana wee Jailos, asubuhi ulisema baridi, sasa ringi. Tukifika Makambako utasema gari limerogwa?"

Nikamwambia, "Tuliza moyo, mzee. Daktari hapimi mara moja."

"Daktari gani anayemfunika mgonjwa gunia?"

Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Tulipoteremka kwenye joto la Chimala, gari likaacha kukohoa. Moshi ukaisha. Injini ikawa inazunguka kama cherehani. Mimi niliona vizuri sana, maana kichwa changu kilikuwa nje ya dirisha njia nzima. Mzee Makame akaanza kuimba. Tulipoanza kupanda kuelekea Makambako, kikohozi kikarudi, na huko Mafinga kwenye baridi, moshi ukawa mweusi kama wa tanuri la matofali.

Mwanakhamisi akamwambia mumewe, "Baba Jaha, gari hili kama mimi. Kule kwenye joto lilipona. Tangu nimejifunika shuka, nalo linaumwa."

Yotamu akageuka, akamtazama. Akasema, "Mama, umelisema. Lakini si baridi, ni hewa. Huku juu hewa ni nyembamba. Kabureta hili, linalochanganya petroli na hewa, limepimwa kwa hewa nzito ya pwani, linamwaga petroli kana kwamba bado liko Tanga."

Iandikwe kwamba hata mimi nilikuwa nakaribia kusema hivyo.

Tulifika Ipogolo saa kumi alasiri, tukasimama karibu na mto. Mzee Makame akaenda kuswali. Yotamu akafungua plagi, zote zimejaa masizi makavu kama sufuria ya kuni. Akafungua kabureta, akatoa kile kipande cha shaba chenye tundu ambalo petroli hupitia. Katika kopo lake la vipuri alikuwa nacho kingine, cha gari jingine kama hilo lililokufa, tundu lake jembamba zaidi. Akakiweka hicho. Mzee Makame aliporudi, Yotamu akamwambia mbele yangu, wazi kabisa: "Mzee, nimekuwekea tundu dogo la huku juu. La zamani natunza mimi lisipotee. Siku ukitaka kushuka pwani pita kwangu kwanza nikurudishie, la sivyo gari litakosa petroli." Mzee Makame alikuwa anafungua kamba za mizigo. Akajibu, "Haya, haya." Mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwao, nikatikisa kichwa kukubali kazi hiyo.

Tulirudi Mbeya kesho yake, moshi hakuna. Mwishoni mwa mwezi Mzee Makame akashuka pwani kuchukua nguo, hakupita kwa Yotamu. Kufika Morogoro gari likachemka, linapiga mabomu, linazima. Fundi wa huko akafungua akamwambia, "Mzee, umeibiwa." Ndipo akarudi na hasira, na kipande chake kikakutwa kwenye kopo la Yotamu, kimetunzwa vile vile kijana alivyosema. Mwizi gani anatunza hivyo?

Niliyoyajua nimeyamaliza, na nimeyasema kwa hiari.

(Sahihi) J. Mwandembo

Maandishi ya ofisa: Nilimsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Nilimweleza kwamba kesi nzima inasimama juu ya maneno ya Ipogolo, na kwamba mlalamikaji atamhoji juu ya hayo siku ya kesi barazani. Shahidi akaaga. Alifika mlangoni, akarudi, akaomba yaongezwe yafuatayo. – Koplo Fanueli

Nyongeza: Maneno ya Yotamu pale Ipogolo ni ya kweli, lakini sikuyasikia kwa masikio yangu. Aliniambia Yotamu mwenyewe tukiwa njiani kurudi. Aliyeyasikia ni Mwanakhamisi, alikuwa amekaa pale pale na kikapu chake. Bado yuko Ipogolo kwa dada yake, na hakuna aliyemuuliza. Aitwe. Ni mwanamke wa kweli, hatasema uongo hata kwa ajili ya mumewe. Lakini akiulizwa Jailos alikuwa wapi atasema, kwa hiyo bora niseme mimi. Nilikuwa chini mtoni, nyuma ya mawe, natapika. Yeye ndiye aliyeniletea ndimu. Gari hunitapisha, Koplo. Magari yote. Kama ni lazima neno hili lisomwe barazani, naomba lisomwe kwa sauti ndogo.

(Sahihi) J. Mwandembo