Pembe ya Trei Aliyoiomba Mama

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 14, saa nane mchana.

Mpendwa Kitinda,

Naanza na habari yenyewe, maana nakujua: utaziruka salamu uitafute. Jana saa nne asubuhi daktari wa wodi alituambia kwamba Mama hatameza tena. Koo halitarudi. Aliyasema hayo mbele yake, kwa sauti ya kawaida, na Mama alisikia kila neno.

Sasa salamu. U hali gani, mdogo wangu? Kikohozi cha vumbi la mgodini kimeisha? Unalala? Mimi mzima wa mwili. Shangazi naye mzima, ila magoti yanamgomea kwenye ngazi, na anayatukana kama watu. Ofisi yenu nimeipigia simu mara nne tangu Alhamisi. Karani wa mjini anasema mnara wa huko umeanguka. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ulipoondoka mwezi jana Mama alikuwa anatembea na fimbo yake. Kiharusi cha pili kilimpata Ijumaa, tarehe 5, akianika nguo. Mkono wa kushoto ulilegea, na koo pia. Ulimi ulibaki mzito lakini unasema, na akili haikuguswa. Wodini alikuwa na ombi moja tu, kurudi nyumbani. Daktari akaweka sharti: ale kifungua kinywa laini mbele ya mtaalamu wa kumeza, bila kupaliwa. Akifaulu, anaondoka siku hiyo hiyo.

Wakaniuliza anapenda nini. Nikasema oti za kuoka kwenye trei. Mtaalamu, dada mmoja mpole mwenye miwani, akakubali: iwe sehemu ya katikati ya trei tu, ipondwe kwa maziwa, apewe nusu kijiko kwa mara moja. Ukoko usimguse. Aliyarudia mara mbili, nami nikayaandika.

Jumatano niliamka saa kumi na moja alfajiri. Oti vikombe viwili, ndizi mbivu tatu za kuponda, mayai mawili, maziwa vikombe viwili, siagi, mdalasini, chumvi kidogo. Zabibu niliziacha kwa ajili ya koo. Dakika arobaini ovenini, kwenye trei yetu ile ile ya bati. Niliifunga kwa taulo, tukaingia kwenye teksi na Shangazi. Dereva akauliza sherehe iko wapi.

Unaukumbuka utaratibu wa nyumba yetu. Trei ina pembe nne, na sisi tulikuwa watano. Pembe ya marehemu Baba, ya Shangazi, yangu, yako. Mama alijikatia katikati, akisema meno yake hayataki ukoko. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza kama ni kweli, na mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali.

"Wifi, usituangushe," Shangazi alimwambia tulipofika. "Nimepanda ngazi zote hizi kwa ajili yako."

"Umepanda kwa ajili ya trei," Mama akamjibu, neno kwa neno, polepole. Muuguzi alicheka mpaka akageukia ukutani.

Vijiko vinne vya kwanza vilishuka vizuri. Mtaalamu akaweka alama nne kwenye karatasi yake. Kisha akaitwa kitanda cha pili, akatuambia tumsubiri dakika moja. Mama akaitazama trei.

"Nipe pembe."

"Mama, umekatazwa."

"Nimeipika miaka thelathini. Pembe sijaila."

Nilivunja kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikakiloweka kwenye maziwa, nikahesabu mpaka ishirini, nikampa. Alikitafuna. Akafumba macho.

"Kumbe," alisema. Kisha akapaliwa.

Tulimwinamisha, wauguzi wakamvuta chakula kooni kwa mashine. Jioni homa ilikuwa thelathini na tisa. Alhamisi picha ya kifua ilionyesha chakula kimeingia pafu la kulia.

Jana nilimuuliza daktari kama ni kipande kile. Alisema misuli ya koo ilikuwa imeshaanza kukataa kazi, na kipande kile hakikusaidia. Nikamuuliza, je, na kama asingekila? Akasema hawezi kuniambia ndiyo, wala hapana. Nakupa jibu lake kama lilivyo. Mkono uliompa ni wangu, na katazo nilikuwa nimeliandika kwa mkono huo huo. Shangazi anasema nisijitwishe. Nimemsikia. Tangu Jumatano sijaweza kuiosha trei. Iko chini ya sinki.

Daktari alitoa njia mbili: apitishiwe mpira puani wa kumlisha, abaki hospitali, au arudi nyumbani bila mpira. Nilimtaka aseme muda. Akasema wiki mbili, pengine pungufu.

"Mpira hapana," Mama akasema. "Nyumbani."

"Sasa wifi, nyumbani utakula nini?" Shangazi akamuuliza.

"Nitanusa."

Shangazi aliinuka akatoka nje. Nilimkuta mwisho wa korido, paji la uso limeegemea kioo cha dirisha.

Mama amekwisha kupanga. Siku ya pili ya kuwa nyumbani nioke, tule sisi, yeye akae mezani. Nilimwambia siwezi kuigusa tena trei ile. Akaniambia, "Utaigusa. Mtoto wangu anakuja, atakuwa na njaa." Hakuna aliyemwambia kwamba unakuja. Wala mimi sijui. Sikuthubutu kumsahihisha.

Shangazi anakusalimu sana. Mjomba fundi viatu anakusalimu, na jirani mshonaji wa ghorofa ya chini anauliza habari zako kila nikipita. Mungu akufunike huko uliko, akufungulie njia, na msimamizi wako ampe moyo wa kusikia.

Barua hii inapanda gari la kampuni kesho alfajiri, utaipata Jumanne. Gari hilo linageuka kurudi mjini Jumatano saa nane mchana. Mama anatolewa hospitali Alhamisi, tarehe 18, saa tatu asubuhi. Ijumaa saa moja na robo asubuhi naiwasha oveni, na saa mbili kamili tunakaa mezani. Nitaweka viti vinne.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote.